Farijala na Maiti Iliyopita Unyanyembe

Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na kuingia Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji, la pili likipanda Karagwe hata Buganda, na la tatu likishuka Ukonongo na Ufipa kuzifuata nchi za kusini, ilikuwa na kanuni ambayo haikuandikwa na mtu yeyote, nayo ni kwamba afaye safarini huzikwa pale pale alipoanguka, ikiwa atapata wa kumzika. Mpagazi aliyeshindwa na homa au ndui au kuhara damu aliachwa kivulini, mzigo wake ukagawiwa wenziwe, na kirongozi akashika njia, kwa kuwa kituo cha maji kilikuwa mbali na jua halikumsubiri mtu. Matajiri wa Kiarabu waliofia Tabora walizikwa Tabora, na wazungu waliofia Ugogo walizikwa Ugogo. Walakini yuko mtu mmoja aliyeipita njia ile akiwa maiti, akabebwa mabegani mwa watu kwa muda wa miezi tisa hivi, mwendo uzidio maili 1,000, tangu nchi ya Ilala iliyo kusini ya ziwa Bangweulu, katika Zambia ya leo, hata pwani ya Mrima. Mtu huyo ni David Livingstone, na kila mwanafunzi wa Tabora amesikia habari zake. Asichosikia ni kwamba safari ile iliwezekana kwa sababu ya tumbo moja lililofunguliwa vema na mtu aitwaye Farijala, ambaye vitabu humtaja kwa mistari michache kisha vikampita.

Livingstone mwenyewe alikuwa tabibu, aliyepata idhini ya kuganga kutoka chuo cha matabibu cha Glasgow mwaka 1840, na kwa hiyo aliujua ugonjwa wake kuliko mtu yeyote aliyekuwa naye. Alipofika Kwihara, huko Unyanyembe karibu na Tabora, pamoja na mwandishi wa habari Stanley mwezi wa Februari 1872, wakakaa katika tembe lile lenye kuta nene za udongo na dari bapa, tumbo lake lilikuwa limekwisha kumsumbua kwa miaka mingi, kwa bawasiri iliyotoka damu na kwa maradhi ya kuhara yaliyomrudia kila alipolowana au kula chakula kibaya. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi akiwa amemsihi warudi pamoja Ulaya apumzike na kutibiwa, naye akakataa, akabaki Kwihara miezi mitano kungojea watu watakaoletwa kutoka Unguja. Walipofika mwezi wa Agosti, idadi yao 57, miongoni mwao walikuwamo vijana waliosomeshwa katika shule ya wamisionari ya Nasik huko Bara Hindi, akiwamo Jacob Wainwright ambaye tutamkuta tena mbele. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara uliiacha Unyanyembe ukielekea kusini, na mtu aliyeuongoza alikuwa mgonjwa tangu hatua ya kwanza.

Miezi minane baadaye, katika mabwawa ya Bangweulu, damu ilimtoka mfululizo kwa siku nyingi hata akashindwa kupanda punda, na watu wake wakamchukua kwa machela. Walimfikisha katika kijiji cha Chitambo, wakamjengea kibanda, na mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873, aghalabu vitabu husema alfajiri ya tarehe 1, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, kichwa kikiwa katika viganja vya mikono, naye amekwisha kukata roho.

Hapo ndipo watu wale, wakiongozwa na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, walipokata shauri ambalo hakuna aliyewaamuru walikate, la kumrudisha bwana wao kwa ndugu zake. Shauri hilo lilikuwa la hatari kwa njia mbili. Kwanza, maiti katika nchi za watu ni jambo la kutiliwa shaka, na mtemi yeyote ambaye katika ardhi yake mgeni amefia aweza kudai fidia, au akahofu kwamba maiti ile italeta balaa juu ya watu wake. Mtemi Chitambo alipopata habari hakufanya hayo, bali alikuja na watu wake kumlilia marehemu kwa heshima zote za desturi yao, na jambo hili lataka likumbukwe kwa jina lake. Hatari ya pili ilikuwa ndani ya maiti yenyewe. Katika nchi ya joto, mwili wa mtu hauwezi kukaa hata siku chache bila ya kuharibika, na huanza kuharibika tumboni.

Sababu yake yaeleweka vema siku hizi, ingawa mwaka ule elimu ya vijidudu ndiyo kwanza ilikuwa ikisimamishwa huko Ulaya na Pasteur na wenzake. Matumboni mwa mtu aliye hai hukaa vijidudu visivyohesabika, ambavyo uhai huviweka katika mipaka yao. Uhai ukiondoka mipaka hiyo huvunjika, vikaanza kuila nyumba yao wenyewe, hewa mbaya ikajaa, na tumbo likavimba. Alama ya kwanza huonekana juu ya ngozi, nayo aghalabu hutokea upande wa kulia wa chini, juu kidogo ya kinena, ambapo rangi ya kijani huanza kuenea. Na hutokea hapo kwa kuwa ndipo utumbo mpana unapoanzia, ukiwa umejaa uchafu na umelala karibu sana na ukuta wa mbele wa tumbo. Kwa hiyo atakaye kuihifadhi maiti hana budi kuupita ukuta huo kabla ya uharibifu haujaupita kutoka upande wa pili.

Na ukuta huo ni jambo la kustaajabisha, nami sitaharakisha kuupita. Kifua kimezungushiwa mbavu, na chini ya kiuno kuna mifupa ya nyonga, lakini baina ya hivyo viwili, mbele ya tumbo hakuna mfupa. Iko ngozi, chini yake mafuta, membamba kwa mtu aliyekonda na mazito kwa aliyeshiba, kisha misuli. Katikati hushuka misuli miwili mirefu iliyonyoka, mmoja kulia na mmoja kushoto, tangu mbavu za chini hata mfupa wa kinena, na baina yake, toka ncha ya kidari kupitia kitovuni, kuna mshono mweupe wa ukano usio na nyama na wenye damu kidogo. Kila upande, toka misuli hiyo hadi mbavuni na mgongoni, kuna matabaka matatu ya misuli yaliyolaliana: la nje nyuzi zake hushuka kwa mshazari kuelekea mbele, la kati nyuzi zake hupanda kinyume cha zile za kwanza, na la ndani hupita kwa kukingama, mithili ya miyaa ya jamvi iliyopishanishwa ili jamvi lisichanike kwa upande wowote litakaovutwa. Ndani kabisa, nyuma ya misuli yote, kuna utando mwembamba, laini na wenye unyevu, uliotandazwa juu ya ukuta wote na kuvifunika viungo vilivyomo, ili matumbo yapate kuteleza bila ya kukwaruzana.

Mwanadamu amejaaliwa ukuta laini namna hii kwa sababu tumbo halina budi kubadilika, hupanda na kushuka kwa kila pumzi, hutanuka kwa chakula na kwa mimba, hukunjika mtu anapoinama. Na mpagazi wa Kinyamwezi, alipouinua mzigo wake wa ratili 60 au 70 kutoka chini hadi begani, ukuta huu ndio uliokaza na kulibana tumbo lote ili mgongo usivunjike. Ndiyo maana penye udhaifu wake, kitovuni na kinenani, hutokea ngiri, maradhi ambayo watu wa kazi nzito wanayafahamu vizuri.

Nyuma ya ukuta kitu cha kwanza kuonekana ni kitambi, shuka ya mafuta iliyoning'inia mbele ya matumbo. Chini ya mbavu za kulia kuna ini na mfuko wa nyongo. Kushoto kuna mfuko wa chakula, na nyuma yake, umejificha chini ya mbavu, wengu. Chango, ambalo likinyoshwa laweza kupata urefu wa mita 6, limejikunja katikati, na utumbo mpana umelizunguka, ukipanda kwa kulia, ukivuka chini ya ini na mfuko wa chakula, na kushuka kwa kushoto. Kongosho na figo mbili zimo nyuma kabisa, zimeegemea mgongo. Juu ya vyote hivi kuna kiwambo cha msuli kilichopinda kwenda juu, ambacho hutenga tumbo na kifua.

Farijala alikuwa amewahi kumtumikia daktari mmoja huko Unguja, na katika utumishi huo aliona maiti zikipasuliwa ili kujua sababu ya mauti, akashika katika akili yake jinsi kazi ile inavyofanywa. Hakuwa na shahada wala kitabu, ila alikuwa ameangalia kwa makini, na wenziwe walijua hivyo, ndiyo maana kazi ilipowadia walimteua yeye. Aliomba msaidizi, akapewa Carras, mmoja wa vijana wa Nasik. Walijenga mahali pa faragha mbali na kijiji, pamezungushiwa ua imara ili mnyama asiingie na juu pameachwa wazi ili jua na hewa vipite. Susi, Chuma na mwenzao mwingine walisimama wakishika blanketi zito lililokingwa, ili maiti isitazamwe na macho ya watu wakati wa kazi ile. Na hata leo, katika chumba chochote cha upasuaji, mwili hufunikwa shuka isipokuwa pale penye kazi.

Maiti ilikuwa imekonda hata haikubaki ila ngozi na mifupa, na ukuta wa tumbo bila ya shaka ulikuwa mwembamba mno. Farijala alipasua mbele ya tumbo, akavitoa vilivyomo. Kisha, bila ya kukata mbavu hata moja, akapitia tundu lile lile, akakipasua kiwambo na kuufikia moyo na mapafu, navyo akavitoa kwa njia hiyo. Msomaji aifikirie kazi hiyo. Mapafu yameshikana na koo, na moyo umefungwa na mishipa minene kuliko yote mwilini, ile ipelekayo damu na ile iirudishayo; mtu aingizaye mkono kutoka chini, akifanya kazi kwa kupapasa kuliko kwa kuona, hawezi kuvitoa ila akiwa anajua vimekaa wapi na vimefungwa na nini. Hayo ni maarifa ya jarahi, tusiyaite kwa jina jingine.

Na kama afanyavyo mpasuaji wa maiti aliye mwaminifu, Farijala alitazama kabla ya kuzika. Upande wa kushoto wa tumbo aliona pande la damu iliyoganda, ukubwa wake kama kiganja cha mkono wa mtu mzima, na wote waliokuwapo waliliona. Aliwaonyesha na mapafu pia, yaliyokuwa yamekauka na yenye mabaka meusi na meupe. Habari hizo mbili walizihifadhi katika kumbukumbu zao, wakazipeleka hata Uingereza, na tangu siku hizo matabibu wamejadiliana juu yake. Upande ule wa kushoto ndiko uliko wengu, ambao homa ya malaria huuvimbisha, na ndiko utumbo mpana hushuka, ambao kuhara damu huujaza vidonda. Na mtu aliyekuwa akivuja damu kwa majuma mengi aweza kuwa na pande la damu kwa sababu ya huu au ule. Mimi naona neno lililo kubwa zaidi ni kwamba yote tuyajuayo juu ya mwili wa Livingstone kwa ndani, tumeyajua kwa jicho la Farijala.

Moyo na viungo vingine viliwekwa katika sanduku la bati lililokuwa na unga, vikazikwa katika shimo la kina cha futi 4 pale pale walipokuwa wamesimama, na Jacob Wainwright akasoma sala ya maziko mbele ya watu wote, kisha akachonga maandishi katika mti mkubwa uliokuwa karibu. Ndani ya maiti walitia chumvi nyingi waliyoinunua kwa ushanga, wakatia na pombe kali kidogo mdomoni na nyweleni, kisha wakaiacha juani kwa siku 14, wakiigeuza kila siku. Ilipokauka waliifunga kwa nguo, wakaikunja miguu ili urefu upungue, wakaiingiza ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, na juu yake wakashona kitambaa cha tanga, wakaining'iniza maiti katika mpiko wa kuchukuliwa na watu wawili.

Njia yao ilizunguka ziwa Bangweulu kwa magharibi, ikavuka mto Luapula, ikapita kusini ya ziwa Tanganyika na kuingia Ufipa na Ukonongo. Walipokaribia Unyanyembe walisikia ya kuwa kuna wazungu Kwihara waliokuja kumtafuta Livingstone, wakamtuma Chuma atangulie na barua iliyoandikwa na Jacob. Alifika tarehe 20 Oktoba 1873, akamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, akiwa hoi kwa homa, pamoja na wenziwe, Daktari Dillon na Cecil Murphy, wamepanga katika tembe lile lile ambamo marehemu alikuwa amekaa mwaka uliopita. Siku chache baadaye maiti yenyewe iliingia, na Unyanyembe, nchi iliyopokea kila aina ya mzigo, pembe, nguo, shaba na wanadamu waliofungwa minyororo, ikapokea mzigo ule.

Cameron alitoa rai kwamba wamzike papo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na taabu nyingi, na rai yake haikuwa ya mtu mbaya. Susi na wenziwe walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Sidhani kwamba katika historia ya Tabora kuna jibu lililopaswa kuandikwa ukutani kuliko jibu hilo, kwa sababu waliolitoa walikuwa wapagazi na watumishi mbele ya afisa wa manowari, hawakuwa na barua ya mkubwa yeyote ya kuwakinga, na ujira wao wa mwendo uliobaki haukuahidiwa na mtu. Cameron alichukua baadhi ya ala za marehemu za kupimia kwa ajili ya safari yake, jambo ambalo hawakulipenda, naye akaendelea magharibi hata akaifikia bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Dillon na Murphy wakageuka kwenda pwani. Dillon hakufika. Huko Kasekera, mwezi wa Novemba, maradhi yalimzidi na akili ikamtoka, akajiua kwa bunduki.

Kasekera ndiko pia maiti ilipozuiliwa, kwa kuwa watu wa huko walikataa isipite katika nchi yao. Wale wasafiri walijifanya wamekubali, wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la mtu na kuyavika nguo, wakawatuma watu sita warudi nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku, porini, wale sita waliyatawanya mabua, wakarejea mmoja mmoja kwa wenzao. Nao huku nyuma walikuwa wamelitoa gome, wamemfunga marehemu upya kwa ufupi, wakamvika nguo kwa nje kama robota la bidhaa. Na robota, katika njia ile, halikuulizwa na mtu. Hila hiyo ilifaa kwa sababu maiti ilikuwa kavu, nyepesi na haina harufu, na ilikuwa hivyo kwa sababu ya kisu cha Farijala.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, wakaiweka maiti katika kanisa la mapadre wa Roho Mtakatifu, na manowari ya Vulture ikaivusha Unguja. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyepata nauli ya kuisindikiza hadi Uingereza, ambako meli iliwasili Southampton tarehe 15 Aprili. Usiku huo, mjini London, Sir William Fergusson, jarahi mashuhuri, aliikagua mbele ya rafiki za marehemu. Aliutambua mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba huko Mabotsa mwaka 1844 na kuunga vibaya, na shaka ikaondoka kwa wote. Kisha akaliona tundu la mbele ya tumbo, akaandika katika taarifa yake kwamba kupitia tundu hilo watu wale walikuwa wamefanikiwa kwa ustadi kuvitoa viungo vya kifuani sawasawa na vya tumboni. Tarehe 18 Aprili maiti ilizikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye mwaka ule, wakamsaidia Horace Waller kupanga shajara za mwisho za marehemu, na kwa ajili hiyo majina yao yamekaa. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891. Farijala hakuitwa. Nawasihi walimu wa Tabora, kila wanapowapeleka wanafunzi wao kulitazama lile tembe la Kwihara, na hasa walimu wa wauguzi na matabibu wetu, wasiishie kwa Livingstone na Stanley, bali wawatajie wanafunzi jina la Farijala, na wawaeleze kwa ukamilifu kazi aliyoifanya, kama anavyoelezwa mpasuaji mwingine yeyote.